Hasira ya Shilingi 1,000

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: wimbo wenye siasa ndani yake unatakiwa umliwaze anayeusikiliza, au umtie kiwewe? Nimelisoma nikiwa kazini, na kwa kuwa kazi yangu yenyewe ni nyimbo, nimeona nisikae kimya.

Nina laibrari hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga, laibrari huku kwetu haina kitabu hata kimoja. Ni kibanda chenye kompyuta, spika mbili zilizoelekezwa barabarani, na mtu kama mimi anayekuwekea nyimbo na filamu kwenye flashi au memori kadi. Nyimbo 30 kwa shilingi 1,000. Dereva wa trela anayekwenda Juba au Kigali namwongezea 10 za bure, maana safari ni ndefu na foleni ya hapa mpakani kuna siku huizidi safari. (Wasanii mtanisamehe. Haki zenu ni swali la wiki nyingine.)

Ukikaa nyuma ya kaunta hii utagundua kwamba mtu akiulizwa anapenda wimbo gani atakutajia wa heshima. Subiri atoe pesa.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake: wimbo wa siasa unatakiwa umnyime mtu usingizi. Ila tunajidanganya tunapodhani kwamba ule wa kufoka ndio unaonyima watu usingizi. Kwa niliyoyaona hapa dukani, wimbo wa hasira ndio mto tunaolalia.

Mnakumbuka intaneti ilivyozimwa nchi nzima mkesha wa uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, tukakaa gizani karibu siku tano. Wenzangu wengi walilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilivuna. Hata wale vijana waliokuwa wakinicheka kwamba laibrari zimekufa, kwamba siku hizi kila mtu anajipakulia mwenyewe, walirudi wakapanga mstari. Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja wa boda boda, memori kadi yake kaiviringisha ndani ya noti. Alitaka nyimbo zote za Bobi Wine, yaani Robert Kyagulanyi, ambaye safari hiyo alikuwa akigombea urais. “Zile za moto tu,” akasema. “Za mapenzi toa.”

Nikamwekea. Chini ya usukani wa pikipiki alikuwa amefunga kaspika kwa mpira, na tangu siku hiyo nilikuwa namsikia kabla sijamwona. Akipita mbele ya kibanda anainua ngumi, nami nainua yangu. Mwezi wa pili akaja kuongeza nyimbo nyingine, nikamuuliza, “Ndugu yangu, hizi nyimbo ukizisikiliza unajisikiaje?”

“Fiti kabisa, boss. Kama tumeshashinda.”

Hiyo ni Februari. Matokeo yalikuwa yameshatangazwa, na mtu wake hakushinda.

Simcheki. Lakini kila asubuhi namwona akitoa elfu mbili yake kwa jamaa wanaokusanya pale steji bila risiti, akiwa amebana kiitikio kinachowalaani watu wa namna hiyo hiyo. Anaimba huku anatoa. Akimaliza wimbo, deni lake kwa taifa limelipwa, roho imetulia, siku inaendelea. Kama hiyo si dawa ya kuliwaza basi sijui Panadol ni nini. Nami ndiye muuzaji wake, shilingi 1,000 kwa nyimbo 30, kwa hiyo msidhani naongea kutoka mlimani.

Bobi Wine mwenyewe, nikiulizwa mimi, alitikisa zaidi aliponyenyekea. Kuna wimbo wake wa zamani, “Tugambire ku Jennifer”. Jennifer ni Jennifer Musisi, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya jiji la Kampala wakati machinga na watu wa boda boda wanafukuzwa mitaani. Maana ya jina la wimbo ni tusemeeni kwa Jennifer. Hakuna matusi humo. Ni yale maneno ya jirani anayeogopa kwenda kwa mkubwa, anamtuma anayefahamiana naye: ukimwona, mwambie apunguze ukali, na sisi ni watu. Mama wa mboga aliyetimuliwa sokoni aliuelewa, na mtu wa ofisini aliyeusikia kwenye teksi alijikuta ndiye anayetumwa. Hapo huwezi kusema umeshinda. Umepewa ujumbe, na ujumbe ukipewa lazima uufikishe.

Kwa upande wa pili, wenye madaraka nao huimba, na wao lengo lao halijifichi: wanataka tutulie. Mwaka 2010 Rais Museveni alichukua maneno ya michezo ya watoto ya Kinyankore akayafanya rap, na nakumbuka yalivyopigwa kila kona; hata wasiompigia kura waliyacheza. Mwaka 2015 wasanii wakubwa wakakusanywa wakaimba “Tubonga Nawe”, tuko pamoja nawe, yaani pamoja na rais huyo huyo, na hapo mambo yakawa mengine. Ulikuwa wimbo laini, wa kubembeleza, na watu walikasirika mpaka baadhi yao waliwafutia wasanii hao kila kitu. Mteja mmoja alinilipa shilingi 1,000 nimfutie nyimbo, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Kumbe ulaini nao hautoshi kumlaza mtu.

Sasa niwaeleze jambo lililonifanya nianze kulifikiria swali hili kabla hamjaliuliza.

Mimi Kiswahili nimekulia ndani yake. Baba alikuwa mtu wa samaki, akivuka mpaka kila wiki, na nyumbani redio ilikuwa ya ng'ambo, taarabu kutoka Mombasa na muziki wa dansi. Kwangu Kiswahili kinanukia samaki wa kukaanga na jioni. Lakini mnajua Uganda. Katiba imekitambua kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, Baraza la Mawaziri mwaka 2022 likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado ukienda sehemu nyingi za Buganda ukiongea Kiswahili usiku mtu anafunga mlango. Ni lugha waliyoijulia kwa askari wa vizuizini. Kulikuwa hata na kozi za siasa na kwata, watu wazima wanakimbizwa alfajiri wakiimba, na zenyewe ziliitwa chaka mchaka.

Nyuma ya nyumba tuliyopanga aliishi mama mmoja mtu mzima kutoka Luweero, muuza nyanya. Waliosoma historia wanajua Luweero ilipitia nini kati ya 1981 na 1986: vita vya msituni, na raia wengi wakauawa na askari. Asubuhi moja, saa kumi na moja hivi, kundi la askari likapita barabarani kwa mchakamchaka. Mnaujua ule mwitikio, mmoja anatoa, mia wanapokea, buti zinapiga ardhi kwa mdundo mmoja. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu, na sikufichi, nilikuwa naitikia. Sauti ni tamu. Nilikuwa najisikia salama, kama vile mji umeamka na wenye mji wako kazini.

Mke wangu alikuwa ametoka kwenda kwa yule mama kuomba kaa la moto la sigiri. Akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, giza, amevaa viatu, mkoba mapajani.

“Mama, safari ya wapi asubuhi yote hii?”

“Siendi popote, mwanangu. Nimevaa tu.”

Wimbo ule ule, saa ile ile, ukuta mmoja katikati. Tangu siku hiyo mtu akiniambia wimbo fulani unatuliza au unatisha, namuuliza: unamtuliza nani? Mwandikaji wa swali lenu amesema “msikilizaji”, kana kwamba ni mmoja. Mimi nina wasikilizaji wawili waliogawana ukuta, na mmoja anakaa gizani na viatu miguuni.

Kwa hiyo nikaacha kuuliza kama wimbo ni mkali au mpole, nikawa nauliza unaondoa usingizi wa nani. Ukipima hivyo, mambo yanageuka kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 2019 kijana mmoja mwimbaji, David Mugema, alitoa wimbo uitwao “Wumula”. Maana yake pumzika. Anamwomba rais apumzike, aachie wengine kiti. Mtoto akimwambia babu yake apumzike, babu hubarikiwa. Mugema na prodyuza wake walikamatwa wakafikishwa mahakamani. Wakati huo huo nyimbo za kufoka zilikuwa zinapigwa baa zote za mji huu mpaka saa nane za usiku. Pima mwenyewe ni upi uliomfikia mtu kitandani. (Nilikuwa nao kwenye kompyuta. Wiki hiyo walikuja watu wawili wasio na sare kuuliza biashara inaendaje na vijana siku hizi wanapenda nini. Niliwafungulia folda ya nyimbo za dini, wakasikiliza tatu, mmoja akanunua.)

Nina mteja dereva wa lori, mtu wa Gulu, ambaye alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto. Sikumuuliza, alinieleza mwenyewe usiku mmoja malori yamekwama. Kule Gulu kuna kituo, Mega FM, kilichoanza 2002, na kilikuwa na kipindi cha Kiacholi kiitwacho “Dwog Cen Paco”, rudi nyumbani. Waliotoroka porini waliongea redioni, wakawaita wenzao kwa majina, wakawaambia kwamba kuna sheria ya msamaha ya mwaka 2000 na hawatauawa. Katikati ya maongezi, nyimbo. Makamanda walikataza vijana kusikiliza. Yeye na mwenzake walisikiliza chini ya turubai, redio imebanwa sikioni.

Nikamwambia, bila shaka ilikufariji. Akanitazama kama mjinga. “Ilinitisha,” akasema. “Kule nilikuwa nimeshazoea kwamba nimekufa. Maiti haina shida. Halafu mtu anaimba kwamba nyumbani bado wanakuwekea chakula. Sikulala tena.” Alitoroka baada ya miezi miwili.

Wimbo mpole kuliko hizo sijui kama upo, wa kumwita mtoto nyumbani, na uliwakosesha usingizi mtoto na kamanda wake pamoja.

Najua kuna atakayenishika hapa: ukisema kutikisa ni wema, mbona kuna nyimbo zilizotikisa nchi zikaiua? Madereva wangu wa Kigali wananikumbusha hilo kila wiki. Simon Bikindi wa Rwanda, nyimbo zake zilipigwa na redio RTLM mwaka 1994 watu wakichinjwa. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu miaka 15 mwaka 2008, na ilimtia hatiani kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani, si kwa kutunga nyimbo zenyewe. Lakini muulize aliyekuwa akizisikiliza ameshika panga kama zilimtia wasiwasi. Zilimliwaza. Zilimwambia yuko sahihi, babu zake walidhulumiwa, jirani ndiye tatizo. Wasiwasi wote ulikuwa wa aliyejificha darini. Mimi naogopa sana wimbo unaoniambia kwamba mimi ni mwema.

Siku nyingine lakini mtu anahitaji kuambiwa tu pole. Novemba 2020, Kyagulanyi alipokamatwa kule Luuka, Busoga, ghasia zikazuka Kampala na miji mingine, risasi zikapigwa, na serikali yenyewe ikakiri watu 54 walikufa. Wiki iliyofuata hakuna aliyekuja kuomba nyimbo za moto. Hata mmoja. Waliomba za kanisani, waliomba kadongo kamu za zamani, zile za gitaa moja na hadithi ndefu. Mzee mmoja aliomba “Walumbe Zaaya” wa Paul Kafeero peke yake, nyimbo 29 nyingine akasema niziache. Ni wimbo mrefu kuhusu kifo. Niliuwasha kwenye spika za nje ili nihakikishe haujaharibika, na boda boda tatu zikazima injini. Wenye msiba hawatikiswi, wameshatikisika. Anayetaka kuniambia kwamba nyimbo za wiki ile hazikuwa za siasa na aje tukae kwenye benchi langu.

Ila mimi mwenyewe, kama mnataka kujua wimbo unaoninyima usingizi mimi, hauna hata ngoma kubwa. Ni wa Geoffrey Oryema. Vijana wengi hawamjui; aliishi Ufaransa na akafia huko mwaka 2018. Aliimba Kiacholi na Kiswahili, sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri wa Idi Amin. Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Geoffrey alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alitoroka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari.

Albamu yake ya 1990 inaitwa “Exile”, uhamishoni. Humo kuna wimbo wa Anaka, kijijini kwao. Mara ya kwanza niliuweka usiku nikiwa nafunga hesabu, na nikadhani ni wimbo wa kulalia. Kwa wiki nzima nilikuwa naupiga jioni, watu wanapita wanasema, hapo umetulia, boss. Kisha nikaijua habari ya lile buti.

Kibanda changu kinatazama njia ya magari yanayosubiri kukaguliwa. Siku nzima naona buti zikifunguliwa. Afisa anagonga kwa kiganja mara mbili, dereva anashuka, kifuniko kinainuka: ndizi, magodoro, katoni za sabuni, mbuzi siku moja. Zamani nilikuwa siangalii. Sasa sauti ile ikiwa inapigwa na kiganja kikagonga buti, mkono wangu unasimama. Kila mara nasubiri kuona kama kuna mtu. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na kitu, na bado kila mara nasubiri. Hakuna aliyenifokea, hakuna aliyeniambia niinue ngumi, na wala sijisikii nimeshinda chochote.

Kuna la mwisho, la Desemba, kisha niwaachie nafasi wengine.

Uganda hakuna Krismasi bila Philly Lutaaya. Ikianza Desemba tu, albamu yake ya Sekukkulu inalia kila duka, na nusu ya wanaocheza hawafikiri kwamba mwimbaji alishakufa. Mwaka 1989 alikuwa mtu wa kwanza mashuhuri nchini kusimama akasema nina ukimwi, wakati silimu, jina la ukimwi huku kwetu, ilikuwa inasemwa kwa kunong'ona na watu wanazikwa kwa majina ya magonjwa mengine. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwa amekonda, akaimba “Alone” kuhusu upweke na hofu ya mgonjwa, akafa tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, siku 10 kabla ya Krismasi. Kama mtasema hiyo haikuwa siasa, basi hamkuishi wakati serikali na viongozi wa dini wanatafuta namna ya kulitamka neno kondomu.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa kazi ya ualimu, huja kila mwanzo wa Desemba na flashi yake kuchukua nyimbo za Krismasi za Lutaaya. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikamnakilia folda nzima. Kesho yake akarudi mapema, hata chai sijanywa.

“Kijana, umeniwekea wimbo mmoja ambao sikuuomba.”

“Upi, mzee?”

Hakuutaja. Akaniambia nichomeke flashi, akanionyesha kwa kidole. Nikaufuta. Akasema asante, akaenda.

Desemba iliyofuata akaja kama kawaida. Nikamwekea za Krismasi peke yake, nikahesabu mara mbili. Alikuwa ameshatoa noti yake ya 1,000, ameshaishika flashi, halafu akasimama pale mlangoni.

“Ule niliokwambia ufute. Bado unao?”

Nikamwambia ninao. Akauliza kama naweza kuupiga kidogo, si kwenye spika za nje, hizi za ndani. Akakaa kwenye benchi, kofia mkononi, akausikiliza mpaka mwisho. Wateja wawili walikuja, nikawapungia mkono wasubiri.

Ulipoisha nikamuuliza kama nimwekee. Akatikisa kichwa. Mwaka huu amekuja tena, tarehe mbili, na kabla sijamuuliza alikuwa ameshakaa.